Baruti Mpya, Kiasi cha Zamani

Neno "kiasi" tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Bei kiasi gani? Kula kwa kiasi. Sogea kiasi nikae. Lakini fungua kamusi za zamani, zile zilizotungwa wakati bunduki zilikuwa bado zikishindiliwa kwa mdomo wa mtutu, utakuta maana nyingine imejibanza pembeni: kiasi cha bunduki, yaani baruti ya mshindo mmoja iliyokwisha kupimwa. Baadaye jina hilo likaipata na risasi yenye ganda lake. Kwa hiyo mzee wa pwani aliposema amebakiwa na viasi vitatu, hakuwa anahubiri fadhila za kujizuia. Alikuwa anahesabu vifo vitatu alivyo navyo mfukoni.

Kwangu mimi, kukutana kwa maana hizo mbili ndani ya neno moja si mzaha wa lugha. Mwenye baruti asiyejua kiasi chake hana bunduki. Ana ajali inayosubiri saa yake. Swali ninalotaka kulichokonoa hapa ni hili: mtu akiletewa baruti mpya, asiyoijua, ana haki ya kuijaribu nyumbani kwake? Na mambo yakiharibika, deni ni la nani?

Tusikimbilie kusema hana haki. Kama wazee wetu wote wangesema hivyo, hata kiasi cha kwanza kisingepatikana.

Vijana wengi wa mjini wameliona gobore katika picha tu. Polisi wametangaza msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu, na mezani zimepangwa zile bunduki ndefu zenye mitutu iliyofungwafungwa kwa waya. Tunacheka, tunafungua ukurasa wa michezo. Lakini ukitoka Kilwa Masoko ukaiacha bahari mgongoni, ukaelekea Njinjo, Nanjilinji, au ukapanda kwa Wamatumbi huko Kipatimu, utakuta gobore si historia. Huko mtu analima mihogo, mahindi, mtama na ufuta, na usiku nguruwe pori wanakuja kudai fungu lao, mchana nyani. Ndiyo maana watu hulala dunguni. Ndugu msomaji uliyezaliwa Kinondoni, dungu ni kichanja cha miti juu ya shamba, mahali ambapo familia huhamia mazao yakikaribia kuiva, wakapiga madebe na kelele mpaka kuche. Katika madungu mengine pamoja na debe huwa kuna gobore, lenye kibali au lisilo nacho.

Gobore halina haraka. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kizibo, unashindilia kwa mdeki, unatia marisau au vipande vya chuma, unashindilia tena. Kisha nyuma unaweka fataki. Namaanisha fataki yenyewe, kile kikofia kidogo kinachopigwa na mtambo kikatoa cheche, si yule Fataki wa matangazo ya redio anayenyemelea watoto wa shule. Katika kazi hiyo yote hakuna mzani. Kipimo ni kipembe, kifuniko, au urefu wa mdeki unaobaki nje baada ya kushindilia. Mtu alikipokea kutoka kwa mjomba wake, naye mjomba kutoka kwa wake. Nyuma kabisa ya mnyororo huo yupo aliyejaribu mara ya kwanza, na sijui alibaki na vidole vingapi.

Sasa nitunge mfano. Si habari ya gazetini wala simsemi mtu, ila nadhani mtakubali kwamba unaweza kutokea hata kesho.

Tuseme yupo mzee huko nyuma ya Lindi, Mmwera, na unajua kwa Wamwera mjomba ni mtu gani: kwa desturi yao ukoo hufuata mama, na mpwa humjibu mjomba kabla ya kumjibu baba. Mpwa wake anaishi Mbagala. Kila akipiga simu, mjomba analalamika kwamba baruti siku hizi haipatikani, na ikipatikana imelowa, na ikiwaka moshi wake unamziba macho mpaka nguruwe wanamcheka. Mpwa ana roho nzuri. Ana mshikaji ambaye naye ana mtu wake, na kwa njia hizo za mjini akapata baruti iliyotolewa kwenye risasi za shotigani. Sikukuu ya Idi akapanda basi la kusini, kopo ndani ya begi, pamoja na kanga ya shangazi na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Na hii nini?"

"Baruti, mjomba. Ya kisasa. Haitoi moshi."

"Haitoi moshi? Sasa nitajuaje kama imewaka?"

"Utamwona nguruwe kalala."

Wakacheka. Mzee akafungua kopo, akainusa, akaimimina kidogo kiganjani. Kisha akauliza swali ambalo ningependa tuliweke pembeni kidogo, tutalirudia:

"Kiasi chake?"

"Si kama ile tu, mjomba. Baruti ni baruti."

Hapo ndipo penye kosa, katika maneno matatu. Baruti si baruti. Ile ya zamani, nyeusi, ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki masizi na moshi. Ndiyo sababu inachafua mtutu na kumziba mzee macho. Mwaka 1884 Mfaransa mmoja, Paul Vieille, akapata baruti ya namna nyingine kabisa, ambayo karibu yote hugeuka gesi. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki mpya, Lebel, iliyojengwa kwa ajili ya baruti hiyo, na mataifa mengine yakaanza kuhangaika yasiachwe nyuma. Faida walizoziona ni zile zile alizozitamani mjomba: nguvu nyingi, moshi haba. Lakini angalia tabia yake. Baruti hii ikibanwa huwaka kasi zaidi. Ikiwaka kasi, gesi yake hubana zaidi. Ikibana zaidi, kasi inazidi tena. Bunduki iliyotengenezwa kwa ajili yake huyamudu hayo. Gobore, ambalo mtutu wake labda ni bomba la chuma lililochongwa na fundi wa kijijini, halina uwezo huo. Ukijaza kipembe kile kile, halipigi. Linapasuka, tena nyuma, karibu na shavu. Wala hakuna kipembe kidogo kitakacholiokoa. Gobore na baruti ile havikuumbiwa kukutana.

Na katika mfano wangu, pembeni ya mzee alikuwa amekaa mjukuu wa kike aliyeleta uji. Mzee akapoteza vidole viwili. Mtoto akapoteza jicho.

Kabla ya kugawa lawama, nizunguke kidogo. Huko Marekani na Uingereza kuna watu ambao starehe yao ya jioni ni kujaza upya maganda ya shotigani. Wana meza nyumbani, wana mashine ya mkono, wana makopo ya baruti za aina aina, na wanapenda kweli kujaribu mpya ikitoka, kama mama anayejaribu unga wa kampuni nyingine kwenye maandazi. Mtu angedhani ni wendawazimu. Lakini ukiwasoma utakuta ni watu waoga, na nasema hivyo kwa kuwasifu. Hawakisii. Mtengeneza baruti amechapa jedwali: ganda la namna hii, fataki ya namna hii, kizibo hiki, uzito huu wa marisau, basi baruti ni kadha. Ukibadili kitu kimoja, jedwali halikuhusu tena, tafuta jingine. Baruti haihamishwi kopo, kwa sababu mbili zinaweza kufanana kwa macho kama ndugu, moja ikawa na nguvu maradufu. Na namba zile za jedwali hazikuota kwenye miti. Zilipatikana kwa mitutu minene ya majaribio yenye vyombo vya kupima mgandamizo, mpigaji akiwa nyuma ya kinga. Mji wa Birmingham, uliotengeneza bunduki nyingi sana za kuuzwa Afrika, ulipata mwaka 1813, kwa sheria ya bunge, nyumba maalumu ambayo kazi yake ni kuijaribu mitutu kwa baruti ya kupita kiasi kabla haijamfikia mnunuzi.

Kumbe kujaribu kuko kwa namna mbili. Tajiri hujaribu katika chuma. Maskini hujaribu katika shavu lake. Wote wawili tunawaita wajaribu, lakini mmoja ananunua ujuzi kwa fedha, mwingine anaununua kwa nyama. Anayemwambia mzee wa dunguni "acha kujaribujaribu mambo" inabidi kwanza amweleze ile nyumba ya Birmingham ya kwake iko wapi.

Na kwamba haiko si bahati mbaya tu. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika eneo kubwa la Afrika. Kilichoachiwa mlango, tena chini ya usimamizi wa serikali, ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida, ile ya biashara. Sababu waliyoitaja ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, nami siwezi kuidharau sababu hiyo nikiwa naandika juu ya Kilwa. Kivinje ilinenepa kwa biashara hiyo hiyo. Hata hivyo sheria ile ilipanga nani aingie karne mpya na baruti gani. Mwafrika alibakishwa na moshi. Hata askari weusi wa Mjerumani, waliokuwa wakifa kwa ajili yake, ilipofika vita ya 1914 wengi wao walikuwa bado wamepewa bunduki za mwaka 1871. Kila wakipiga, moshi unawaonyesha walipolala.

Katikati ya miaka hiyo kuna 1905. Mnaijua, tuliisoma shuleni, lakini tuliisoma vibaya. Kinjikitile wa Ngarambe alitoa maji, na watu wakaamini kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Mwezi Julai Wamatumbi wakang'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, na vita vikaendelea bila yeye mpaka 1907. Waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, wanakadiriwa na wanahistoria kuanzia 75,000 hadi 300,000. Nimewasikia vijana wenzangu wakicheka: jamani, kwani hawakujaribu kwanza kidogo? Mimi sicheki. Watu wale walikuwa na magobore mbele ya bunduki za mzinga. Walichoka kulima pamba ya mtu mwingine kwa viboko. Jaribio la kidogo kwao lingekuwa lipi, hebu nambieni. Ila swali jingine linabaki, na Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii hii ya kusini, amelitua kwenye mabega ya mtu mmoja katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969: aliyewaletea watu kitu kipya na kikubwa anadaiwa nini, kitu hicho kikishatoka mikononi mwake?

Hilo ndilo swali la mpwa wa Mbagala, kwa ukubwa tofauti.

Lipo pia baharini. Tangu miaka ya 1960 pwani yetu imeona samaki wakivuliwa kwa milipuko, na wavuvi wa Somanga, Kivinje na Songosongo hawahitaji kusimuliwa na mtu wa gazeti. Baruti ile nyingine haikuzaliwa baharini. Ilivuja kutoka migodini na kwenye machimbo ya mawe, mahali ambapo ina fundi wake, ratiba yake na kiasi chake. Ikafika ufukweni peke yake, bila fundi, bila kiasi. Mwaka 2015 watafiti walivuta vinasa sauti chini ya maji kando ya pwani ya Tanzania. Kwa saa 231 wakanasa milipuko 318. Zaidi ya nusu haikuwa kusini kwetu bali karibu na Dar es Salaam, mbele ya pua ya serikali. Baada ya hapo ukaja msako mkali, na milipuko ikapungua sana. Lakini tumbawe lililovunjika halisikilizi matangazo ya serikali. Linataka miongo ya miaka. Na mvuvi wa mshipi, ambaye hakurusha kitu, ndiye anayerudi na chombo kitupu. Kama yule mtoto wa uji.

Sasa turudi kwenye lawama. Wapo watakaosema lawama ni ya mjomba, maana ndiye aliyevuta mtambo, na pengine gobore lake halina kibali. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haina simile na bunduki isiyo na leseni, wala na baruti inayosafiri ndani ya begi la sukari. Sawa. Sheria ina neno lake. Lakini mimi nauliza la maadili, na kimaadili mjomba alifanya lile ambalo ufundi wake unamtaka afanye. Hakumimina kwa pupa. Aliuliza: kiasi chake? Swali lile lilikuwa ni urithi wote wa wajomba waliomtangulia, walioungua ndevu ili yeye ajue kuuliza. Akajibiwa na mtu anayemwamini, mtu aliyesoma, anayekaa mjini ambako baruti imetoka.

Wengine watamtetea mpwa: nia yake ilikuwa njema. Mashekhe wetu wanafundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, nami siwapingi. Lakini mtutu hauijui nia. Tena kuna jambo linalonikera katika nia njema ya namna hii. Mpwa hakudanganya, ila hakuwa anajua, na akajibu kama anayejua. Kwa nini? Kwa sababu aliona aibu. Ameketi mbele ya mjomba na zawadi ya kisasa, shangazi kavaa kanga mpya, watoto wamemzunguka, aseme "sijui"? Heshima yote ya mtu wa mjini pale kijijini imejengwa juu ya kutosema neno hilo.

Na hapa nawageukia nyinyi wasomaji, nami nikiwemo, kwa sababu wengi wetu ni wapwa. Kila sikukuu tunateremka kusini na makopo. Tunapeleka dawa ya kupulizia mikorosho iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, karatasi ya maelezo imebaki dukani. Tunapeleka vidonge, vidonge gani hatuna hakika, "meza viwili viwili tu, bibi". Tunapeleka maneno pia, sisi tunaojiita waandishi: tumeokota nadharia Mlimani au kwenye simu, tunaimimina kwenye hadithi ya kijiji kwa kipembe kile kile, kisha tunashangaa hadithi imepasuka. Hiyo ya mwisho haitoi jicho la mtu, nakubali. Nimeipitia tu.

Msimamo wangu ni huu. Kwa anayejaribu kwa mkono wake, juu ya shavu lake, peke yake porini, nitamsihi asifanye, lakini sina mamlaka makubwa juu yake. Akikaa mtoto pembeni, haki yake ya kujaribu imekwisha, hata kama kiasi anakijua. Na anayeleta kitu kipya kwa watu anadaiwa mawili kwa pamoja, kitu chenyewe na kipimo chake. Akileta kimoja bila kingine hajaleta zawadi. Waliokutana Brussels walijua kipimo wakakiweka kwao. Mpwa hakukijua, akajifanya anacho. Siwezi kusema makosa hayo yana uzito mmoja, ila kwa mtoto wa uji matokeo hayatofautiani.

Mtu ataniambia: haya, basi mpwa aseme kweli, halafu? Aseme, "Mjomba, kwa kweli sijui. Nadhani hata haifai kwa bunduki yako. Ngoja nikaulize kwa fundi anayejua." Mjomba atafunga kopo, atalirudisha. Atapanda dunguni na ile baruti yake iliyolowa, na debe. Usiku wa manane nguruwe watakuja kama kawaida yao. Fataki itapiga, baruti itakataa. Atapiga debe, mjukuu atapiga kelele kwa sauti yake nyembamba, nguruwe watasogea hatua kumi na kuendelea kula. Asubuhi watashuka wahesabu: matuta mangapi ya mihogo yamelala chini, na mpaka mavuno watakula nini. Mpwa naye atakuwa amesimama hapo hapo na kopo lake begani, viatu vya mjini vimejaa umande, akiinua shina moja moja kutazama kama kuna linaloweza kurudishiwa udongo.